Kupiga Picha za Harusi Ayalandi: Kazi Yote Iko Kati ya Kanisa na Chakula

Harusi yangu ya kwanza Ayalandi nilisimama mlangoni mwa kanisa huko Mayo nikimsubiri MC. Ndivyo nilivyozoea Mwanza: MC ndiye anayeiendesha shughuli, anawaita wazazi, anapanga foleni ya zawadi, anakwambia "mpiga picha, sogea mbele." Watu wakatoka kanisani, wakakumbatiana, wakapigana mabega, wakaanza kuingia kwenye magari kwenda hotelini. Nikabaki na maharusi, padri, na bibi mmoja mwenye mkongojo aliyeniuliza kwa upole kama picha za familia zingepigwa. Hakukuwa na MC wala kamati. MC nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniambia.

Mwongozo huu umejengwa juu ya somo la siku ile. Ayalandi, kati ya misa kuisha na wageni kuitwa mezani, kuna muda mfupi ambao hauna mwenyewe. Ukiushika, picha unazo. Ukiuachia, utapata picha za watu wenye glasi mkononi.

Karatasi kwanza

Angalia kibali chako cha ukaazi kabla ya kukubali kazi ya mtu. Mwenye Stamp 4, moja ya aina za vibali hivyo, anaruhusiwa kufanya kazi na kufungua biashara yake. Mwanafunzi mwenye Stamp 2 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo na 40 wakati wa likizo rasmi, lakini awe ameajiriwa. Kujiajiri ni marufuku kwake. Kwa hiyo ile harusi ya rafiki unayolipwa mkononi "ya kujaribia tu" inaweza kukugharimu kibali. Kwa mwanafunzi, njia salama ni kuajiriwa kama msaidizi na mpiga picha aliyesajiliwa. Na usione ni kudharaulika: kubeba taa za mtu msimu mmoja ndiko kunakokufundisha makanisa, mahoteli na tabia za watu.

Ukiwa huru kujiajiri, jisajili na mamlaka ya kodi, Revenue, kama mfanyabiashara binafsi. Ukitumia jina la biashara lisilo jina lako mwenyewe, lisajili Companies Registration Office. Hesabu za mwaka uliopita hupelekwa kufikia 31 Oktoba. Tangu Januari 2025, mtoa huduma ambaye mauzo yake ya mwaka yanavuka euro 42,500 anatakiwa kusajiliwa VAT. Nasema mauzo, si faida. Wengi hujichanganya hapo.

Kata pia bima ya dhima kwa umma. Mahoteli mengi huomba cheti chake kabla hujaingiza hata stendi moja ya taa, na wana haki: waya wako ukimwangusha shangazi wa bwana harusi, mtajuana mahakamani.

Mkataba, na maswali ya kuuliza mapema

Wenyeji huweka nafasi mwaka mzima au zaidi kabla. Watu wetu walioko Dublin au Cork hupiga simu wakiwa wamebakiza wiki mbili, lakini sheria inawataka maharusi wapeleke taarifa kwa msajili angalau miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo anayekwambia "ndoa yetu imetokea ghafla" alikuwa na miezi mitatu ya kukupigia.

Mkataba wangu una kurasa mbili: saa za kuanza na kumaliza, malipo ya saa za ziada, kianzio na tarehe ya kumalizia, wiki ngapi hadi picha zote, nani atakuja nikiugua, na kwamba nitapewa chakula cha moto. Usicheke hilo la chakula. Siku ni ya saa kumi na mbili, na hoteli ya kijijini haina kibanda cha chipsi nje.

Kuna kifungu kimoja ambacho wapiga picha wengi wageni hawakijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Ayalandi ya mwaka 2000, hakimiliki ya picha ni yako uliyeipiga. Lakini kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo kinampa aliyekuagiza picha kwa matumizi ya nyumbani haki ya kukataa isionyeshwe hadharani. Yaani huwezi kumuweka bibi harusi kwenye Instagram yako kwa kuwa tu kamera ni yako. Omba ruhusa kwa maandishi ndani ya mkataba, na uwaachie nafasi ya kukataa.

Mwezi mmoja kabla, kaa nao kwa simu ya video na uulize haya. Nani yuko hai na nani amefariki kati ya wazazi? Kuna waliotengana ambao hawasimami pamoja? Bibi na babu wanaweza kutembea umbali gani? Kuna mtoto mwenye usonji au anayeogopa flashi? Jirani angeona ni umbeya, lakini hapo ndipo unapoepuka kumwambia baba "msogelee mama" mbele ya mke wake wa sasa.

Omba pia Eircode ya kila mahali utakapokwenda. Ni msimbo wa anwani wenye alama saba, herufi na tarakimu zikichanganyika, na kila nyumba ina wake. Vijijini nyumba nyingi hazina namba wala mtaa, bila msimbo huo utaelekezwa "pita ng'ombe weupe, kata kushoto."

Ratiba, na tatizo la saa yetu

Andika ratiba yenye dakika, uwatumie maharusi, padri au mfungishaji, hoteli na dereva. Andika kwa saa ya 24. Niliwahi kumwambia msaidizi wangu, kijana wa Kigoma, "tukutane saa nane." Alifika saa mbili asubuhi akakaa garini hadi mchana, kwa sababu alikuwa ameshazoea saa za Kizungu kuliko mimi.

Hapa chini natumia saa yetu. Hivi ndivyo Jumamosi ya Julai inavyokwenda, misa ikiwa saa saba mchana:

Saa nne asubuhi uko kwa bibi harusi. Saa sita na nusu uko kanisani, kabla yake. Misa inaanza saa saba na robo, maana huchelewa. Inaisha saa nane na robo. Dakika 25 za kukumbatiana mlangoni. Dakika 30 za picha za familia. Saa moja ya maharusi na wapambe wao, pamoja na njia. Saa kumi na nusu uko hotelini. Saa kumi na moja jioni kengele inapigwa, wageni wanaanza kuitwa mezani, na tangu hapo siku ni ya meneja wa ukumbi. Usishindane naye. Ana sahani mia mbili za nyama ya ng'ombe zinazopoa.

Sasa hamishia ratiba hiyohiyo Desemba. Dublin jua huzama dakika chache tu baada ya saa kumi jioni, na kukiwa na mawingu mwanga umekufa nusu saa kabla. Misa ya saa saba inakuachia saa moja na nusu, nayo ina mlango wa kanisa, shangazi na gari ndani yake. Kwa harusi za baridi nawaomba misa ya saa tano au sita, au maharusi waonane kabla ya ibada. Wakikataa, familia napigia ndani ya kanisa kwa taa, na mwanga uliobaki wote ni wa wawili hao.

Juni ni kinyume chake. Jua huzama karibu saa nne usiku, magharibi dakika kadhaa baadaye. Kiswahili chenyewe kinagoma kusema "jua la usiku", lakini lipo, na ni zuri. Nawatoa maharusi ukumbini dakika 15 baada ya chakula, saa tatu hivi, watu wakiwa baa. Dakika hizo 15 mara nyingi hunipa picha ya ukutani.

Mfuko

Kamera mbili, kila moja ikiandika kwenye kadi mbili kwa pamoja. Lenzi ya 24-70, ya 70-200, na moja yenye tundu kubwa, 35 au 85. Flashi tatu. Betri mara mbili ya unavyodhani. Hayo kila mtu atakwambia.

Ambayo hawakwambii ni haya. Viatu visivyopitisha maji, na jozi ya pili ndani ya gari. Taulo nne ndogo. Mifuko ya plastiki ya kufunika flashi. Shuka jeupe la zamani la kutandika chini ya gauni kwenye nyasi zilizolowa, halafu unalifichia ndani ya pindo. Na miavuli sita mikubwa inayopitisha mwanga. Mwavuli mwekundu utakupa maharusi wenye nyuso nyekundu, na hakuna programu itakayokuokoa vizuri. Mvua ya Ayalandi si ya kusubiri ipite kama ya Dar, inayomwaga saa moja kisha jua. Hii hunyunyiza, hukoma, hurudi, na pwani ya magharibi hunyesha zaidi ya nusu ya siku za mwaka.

Ukiendesha gari, leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi kuwa ya huku. Utafanya mitihani upya. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa. Ramani ikisema dakika 30, mimi huandika 45. Trekta halina haraka na harusi ya mtu.

Asubuhi

Ukifika, usitoe kamera. Salimia, kubali chai. Wakikupa keki, kula. Kisha omba chumba chenye dirisha kubwa, ondoa mifuko ya madukani na chaja za simu, zima taa za manjano. Gauni litundikwe, pete, viatu na shada la maua viwekwe pamoja. Nusu saa inatosha kwa vitu vyote hivyo.

Tafuta sanamu ya Mtoto wa Praha, yaani Mtoto Yesu. Familia nyingi za Kikatoliki huitoa nje usiku wa kuamkia harusi, chini ya kichaka au ukutani, ili hali ya hewa iwe nzuri. Wapo wanaoshikilia kwamba haifanyi kazi mpaka kichwa kiwe kimevunjika. Nyumba moja ya Roscommon niliikuta dirishani upande wa nje, shingo ina gundi ya rangi ya manjano kuizunguka, mvua ikiichuruza. Mama alicheka akasema imewahi kunyeshewa katika harusi za mabinti wake wote watatu. Nilimpiga picha mama huyo kupitia kioo, sanamu mbele, yeye nyuma akiwa na vibanio vya nywele. Hawakuniomba picha hiyo, ila ndiyo waliyoiweka ya kwanza kwenye albamu.

Kanisani

Muone padri dakika 20 kabla. Jitambulishe, muulize wewe usimame wapi, na kama flashi inaruhusiwa. Kwa kawaida hairuhusiwi, na kwa kawaida haihitajiki: ISO 3200, tundu f/2.8, shata 1/160, unaanzia hapo. Padri aliyeulizwa hukuachia usogee. Asiyeulizwa anaweza kukusimamisha katikati ya misa mbele ya watu wote. Nimeliona, na asante Mungu hakuwa mimi.

Wakati wa viapo maharusi hutazamana, padri katikati. Simama upande utakaouona uso wa yule anayelia. Asubuhi utakuwa umeshamjua ni nani, na mara nyingi si bibi harusi. Busu huja bila kutangazwa, kwa hiyo usianze kubadilisha lenzi baada ya pete. Kutakiana amani ndiyo hazina iliyofichika: mama huinuka kumkumbatia mkwe, mabega ya baba hutetemeka. Mwishoni huwekwa sahihi kwenye fomu ya usajili wa ndoa, mara nyingi pale altareni, pamoja na mashahidi wawili.

Si kila ndoa ni ya kanisani. Ndoa za serikali hufungwa na wasajili wa HSE, shirika la afya la serikali, Jumatatu hadi Ijumaa tu. Ukisikia ndoa ya Jumamosi iko bustanini mwa hoteli, mfungishaji ni wa dini fulani au wa taasisi isiyo ya dini kama Humanist Association of Ireland. Hizo huwa fupi, dakika 25 hadi 40, na huenda mikono ya maharusi ikafungwa kwa utepe. Ratiba yako inalegea, ila huna pa kujificha, wote wanakuona.

Muda usio na mwenyewe

Hapa ndipo utakapolipwa.

Watu wanapotoka, waache. Dakika 25 za mlangoni usipange kitu. Piga mikono, vicheko, mzee anayefuta miwani. Lakini kabla misa haijaanza uwe umempata dada, binamu au shangazi mmoja mwenye sauti, anayewajua wote, na umpe orodha iliyochapwa. Yeye ndiye MC wako. Wewe useme "familia ya bwana harusi," yeye aseme "Pádraig, acha simu, njoo."

Orodha isizidi makundi kumi. Kila kundi ni dakika tatu, hata ukiwa hodari. Anza na wazee, uwakalishe, uwamalize, waende kwenye joto. Kisha punguza watu badala ya kuongeza: familia nzima kwanza, halafu mashemeji watoke, halafu watoto, mpaka wabaki wazazi. Ukiongeza, kila mara kuna aliyekwenda chooni.

Jifunze lugha yao ya kukataa. Ukimwambia mjomba aje kwenye picha akajibu "Ah, you're grand," hajakubali. Amekataa kwa adabu. Mpe kazi: "Nisaidie kumshika mama asiteleze." Atakuja. Na bwana harusi wa Kiayalandi ukimwambia aweke mkono kiunoni na atazame upeo wa macho, atageuka mti. Mwambie watembee, amweleze mkewe jambo la kuchekesha alilofanya mpambe wake jana usiku. Wewe rudi nyuma na lenzi ndefu, nyamaza.

Mahali pa kwenda, chagua karibu. Kila mtu anataka miamba ya Moher, mita 214 juu ya bahari, lakini upepo wa kule hupeleka shela Marekani, na gauni jeupe ukingoni ni hatari ya kweli. Glendalough ni pazuri ila magari hujaa wikendi. Mbuga na magofu yanayosimamiwa na OPW, ofisi ya serikali ya majengo na kumbukumbu za kale, huweza kudai kibali. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla. Nyakati nyingi lango la shamba, ukuta wa mawe na barabara isiyo na magari, dakika tano kutoka hotelini, vinashinda vyote, na vinakuachia dakika 40 za kupiga badala ya kuendesha. Droni yenye kamera inahitaji mmiliki aliyesajiliwa na Irish Aviation Authority, isizidi mita 120, usiipoteze machoni. Kukiwa na upepo iache ndani ya gari.

Kuhusu mwanga. Mwanga wa mawingu ya Ayalandi ni laini, ila hutoka juu moja kwa moja na kuacha matundu meusi machoni. Wasogeze chini ya ukingo wa mti au mlangoni pa ghala, watazame nje. Jihadhari na nyasi: ni kijani kibichi mno, hurusha rangi yake chini ya kidevu na kwenye gauni. Simamisha watu kwenye kokoto au njia ya mawe ukiweza.

Na ukiwa na bibi harusi wa Bukavu na bwana harusi wa Limerick, usikubali kamera ichague. Itamfuata mmoja na kumpoteza mwingine. Mwenye ngozi nyeusi akae upande wa mwanga, uso umeugeukia. Mweupe akae hatua moja nyuma yake. Pima mwanga usiunguze gauni, piga RAW (faili ghafi la kamera), na kivuli ukiinue baadaye kwa kiasi. Usimng'arishe dada wa watu mpaka awe kijivu. Nimeletewa albamu za namna hiyo na wateja wenye hasira, na hasira yao ni halali.

Ukumbini

Muulize meneja kama hotuba ni kabla au baada ya chakula, maana hubadilika. Tega flashi mbili kwenye pembe, mwanga wake ugonge dari ikiwa nyeupe. Kwenye meza nyingi wageni huchanga pesa na kubashiri hotuba zitachukua dakika ngapi. Uliza mchango uko wapi. Mzungumzaji akikaribia dakika walizobashiri, mgeuzie mgongo, piga picha za waliokaa mezani: kuna mtu anaomba kimoyomoyo aendelee, mwingine anaomba akae.

Dansi ya kwanza ni saa tatu na nusu hivi usiku, keki hukatwa kabla yake. Taa za bendi huleta mistari kwenye picha. Shata 1/100 hupunguza, kwa kuwa umeme wao ni wa mizunguko 50 kama wetu. Kaa nusu saa baada ya dansi. Tai zitapanda kichwani, na itafika nyimbo watu wazima watakaa sakafuni kwa mstari wakipiga makasia kama wako ngalawani. Panda kiti, piga kutoka juu.

Bia utapewa. Kataa mara tatu; ya tatu wanaelewa.

Usiku ule na baada yake

Usilale kabla hujanakili. Nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, ya tatu hupanda mtandaoni wakati umelala. Diski isisafiri kwenye mfuko mmoja na kadi. Lenzi zilizolowa zifute, uziache wazi chumbani, usizifungie begini.

Ndani ya siku mbili watumie picha nane. Watazisambaza wenyewe, na simu zinazofuata zitatoka hapo. Katika picha 2,000 mimi hutoa karibu 500, wiki sita. Kuhariri kunachukua siku tatu kamili, kwa hiyo unapopanga bei hesabu siku nne, si moja.

Kadi usizifute kwa sababu tu albamu imetumwa. Subiri mmoja wao aandike kwamba amepakua zote na zinafunguka. Bibi harusi akikaa kimya, mwandikie dada mwenye sauti.